Kinachoyeyuka Majini

Samaki wa tangini hana pa kukimbilia. Maji anayoogelea ndiyo anayoyapitisha kwenye matamvua yake usiku na mchana, na chochote kinachochuja kutoka kwenye pambo ulilomwekea kitapita humo. Kwa hiyo kabla hatujaangalia kama kitu kinapendeza, tujue kwanza kitatoa nini kikilowa miezi na miezi.

Mawe ndiyo yanayowachanganya watu zaidi. Jiwe la matumbawe, lile lililojenga nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, limejaa chokaa. Likikaa majini huyeyuka kidogo kidogo, likaongeza ugumu wa maji na kupandisha pH. Kulitambua ni rahisi: dondosha siki juu ya jiwe kavu. Likitoa vipovu, lina chokaa. Siki ya jikoni ni hafifu, basi inama utazame kwa karibu.

Je, jiwe lenye chokaa litupwe? Inategemea unafuga nani. Ziwa Tanganyika lina maji magumu, pH yake inakaribia 9, na baadhi ya samaki wake wadogo huishi na kutaga ndani ya magamba matupu ya konokono. Hao uwape chokaa na magamba bila wasiwasi. Neoni tetra, ambaye asili yake ni Amazoni, amezoea maji laini yenye asidi kidogo. Jiwe hilohilo litamtesa. Ila matumbawe hai tuyaache baharini. Hakuna tangi linalostahili kuvunjiwa mwamba.

Usichemshe jiwe wala kulioka: maji yaliyonaswa ndani yakigeuka mvuke, linaweza kupasuka. Lisugue kwa brashi bila sabuni, ulimwagie maji ya moto.

Kwa pango la samaki kujificha, sijaona kinachokishinda kifuu cha nazi. Kikwangue nyama yote, kwani masalia yakioza huzalisha amonia, sumu kali kwa samaki. Ondoa makumbi, kata mlango kwa msumeno, lainisha kingo kwa msasa. Mlango uwe mpana wa kutosha kumpitisha samaki mnene kuliko wote bila kukwaruzika. Kisha chemsha, mwaga, chemsha tena, mpaka maji yapungue rangi. Wekundu kama wa chai utakaobaki ni tanini, hauna madhara.

Chungu cha udongo kisichopakwa kitu kinafaa. Chenye rangi ya kung'aa kiache, kwani baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi. Shaba pia isiingie: kiasi kidogo tu huua kamba na konokono.

Saruji mbichi hupandisha pH vibaya sana, hivyo huloekwa wiki kadhaa huku maji yakibadilishwa. Ukigundisha vipande, tumia silikoni safi isiyo na dawa ya ukungu, uiache ikauke hadi harufu ya siki iishe kabisa.

Pambo likikamilika, liweke kwenye ndoo ya maji kwa wiki mbili. Pembeni weka ndoo nyingine ya maji yaleyale, isiyo na pambo, kisha pima pH ya zote mbili. pH ya maji ya bomba huweza kubadilika yenyewe yakikaa wazi, na bila ndoo ya pili utalisingizia jiwe lisilo na kosa, au utalisamehe lenye kosa.