Amache na enkare: Filamu inayosubiriwa Nyamache

Mke mgeni ameinama jikoni, moshi wa kuni ukimtoa machozi. Mama mkwe anamwambia kwa Ekegusii amletee amache. Msichana anatazama sufuria, anatazama mwiko, anatazama kikapu cha ndizi, kisha anasimama ameduwaa. Kwao Kilgoris maji huitwa enkare. Mumewe yuko uani, anashusha kikapu cha majanichai. Akiingia kumtafsiria atamwokoa, ila atakuwa amemwaibisha mbele ya wifi zake.

Onyesho hilo halimo katika filamu yoyote niliyowahi kuitazama. Nimelitunga mwenyewe, lakini sidhani kuna mkazi wa Nyamache atakayeniambia haliwezi kutokea.

Nyamache iko Bobasi, Kaunti ya Kisii, na jina lenyewe limebeba neno hilo amache. Ukivuka Nyangusu unaingia Transmara, Kaunti ya Narok, kwa Wamaasai. Ekegusii ni lugha ya Kibantu, hivyo mwenye Kiswahili huokota neno moja moja akaelewa. Kimaa ni lugha ya Kiniloti. Hapo hana pa kushika. Sensa ya 2019 ilihesabu Abagusii milioni 2.7 na Wamaasai milioni 1.2, na wengi wa huku na kule hufahamiana kwa Kiswahili cha sokoni. Mpaka huu umewahi kumwaga damu kwa sababu ya ng'ombe walioibwa. Ni ng'ombe hao hao wanaolipwa kama mahari kwa Abagusii na kwa Wamaasai pia, kwa hivyo mnyama anayeleta vita usiku ndiye anayeleta ukwe mchana.

Wahindi wa jimbo la Karnataka wanaujua mpaka wa namna hii. Kikannada, lugha ya watu zaidi ya milioni 43 kwa sensa yao ya 2011, ni cha jamii ya Kidravidi. Majimbo ya India yalipopangwa upya kwa misingi ya lugha mwaka 1956, mji wa Belagavi uliwekwa upande wa Wakannada ilhali wakazi wengi walizungumza Kimarathi, lugha ya ukoo mwingine kabisa. Jimbo la Maharashtra linaudai mji huo hadi leo. Katika nchi kama hiyo, kijana wa lugha moja akimpenda msichana wa lugha nyingine, mwandishi wa filamu hana haja ya kutafuta kisa mbali. Mwaka 1981 K. Balachander alitoa Ek Duuje Ke Liye, ya kijana Mtamil na msichana wa kaskazini wasioelewana lugha. Wapenzi hao wanakufa mwishoni, na watu walijazana kuitazama.

Sisi tumejaribu. Togetherness Supreme ya Nathan Collett, iliyopigwa Kibera na kutoka 2010, iliwaweka Kamau na Otieno kwenye mapenzi na siasa za uchaguzi wa 2007. Naiheshimu sana filamu hiyo. Lakini Kiswahili na Sheng huwaunganisha wahusika tangu mwanzo; ukabila uko kwenye majina yao na kura zao, haumo vinywani. Wapenzi wetu wengi ndivyo walivyo: Kiswahili ndiyo nyumba yao. Tatizo ni kwamba mke hashindi na mumewe mchana kutwa. Anashinda na mama mkwe, na mama mkwe huenda hakupitia darasa lililompa Kiswahili cha kutosha kuulizia chumvi, sembuse cha kumliwaza binti anayelia.

Na wala ugeni wa mke si jambo jipya Gusii. Mtu haoi katika ukoo wake, na Abagusii wana msemo wa zamani kwamba wale tunaooana nao ndio tunaopigana nao. Bibi harusi alikuwa akitoka kwa mahasimu tangu enzi za mababu. Kilichoongezeka ni lugha.

Watazamaji wapo tayari. DJ Afro amewazoesha Wakenya kufuatilia filamu za kigeni, za Kihindi zikiwemo, kwa sauti yake ya Kiswahili na Sheng katika vibanda vya video. Katika filamu ninayoiwaza, hata hivyo, sauti ya msimulizi isizifunike sauti za wazee. Baba wa msichana azungumze Kimaa chake na Kiswahili kiandikwe chini ya picha. Muziki uwe obokano, zeze kubwa la Abagusii lenye nyuzi nane, ukipokelewa na waimbaji wa Kimaasai.

Kwa hivyo nawaomba watayarishaji wetu, na Tume ya Filamu ya Kenya, mpandishe kamera zenu huku milimani. Mkifika, msimtafsirie mama mkwe maneno yake. Mwacheni aagize amache, na mtuonyeshe uso wa msichana.