Pancha Haianzi Njiani

Bidoni moja ya lita 20 iliyojaa mawese ina uzito wa kilo 18 hivi. Baiskeli inayotoka Kasongo, hapa mashariki mwa Kongo, kuelekea Kabambare hubeba bidoni nne, tano, hata sita. Ongeza sufuria, unga wa safari na blanketi, halafu baiskeli yenyewe, utakuta kilo zimepita mia. Uzito wote huo unashikiliwa na upepo uliofungiwa ndani ya mpira wenye unene wa milimita moja hivi.

Mimi ni fundi wa baiskeli, na kibanda changu kiko pembeni ya barabara hiyo ya Kabambare. Ndiyo njia ile ile ambayo misafara ya zama za Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ilipita, kutoka Kasongo hadi ziwa Tanganyika, mizigo ikiwa vichwani mwa watu. Leo, mvua zikinyesha na malori yakizama kwenye tope, mzigo unabaki mikononi mwa vijana wa baiskeli. Wengi wao hata hawapandi. Wanafunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, wanaisukuma baiskeli mlima kwa mlima. Kijana akipata pancha katikati ya pori, hapotezi saa moja tu: anashusha mzigo peke yake, anaulinda, na wenzake wakishatangulia analala njiani. Anayemngoja nyumbani hajui kilichompata.

Ninachotaka kumwambia kila msafiri ni hiki: pancha nyingi haziletwi na bahati mbaya. Zinaanzia nyumbani, kabla gurudumu halijagusa barabara.

Upepo kwanza

Adui wa mpira wa ndani aliye mkubwa kuliko mwiba ni upungufu wa upepo. Tairi lililolegea likigonga jiwe, mpira hubanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu, unatoboka mara mbili kwa pigo moja. Tena tairi legevu huteleza kidogo kidogo kwenye rimu na kuuvuta mpira wa ndani, valvu inalala upande, mwisho mpira unachanika pale kwenye shina la valvu. Mahali hapo hapazibiki vizuri hata kwa fundi hodari.

Ubavuni mwa tairi pameandikwa kiasi cha upepo linachohimili. Asiye na kipimo atumie macho. Usijaze upepo baiskeli ikiwa tupu ukaridhika. Pakia mzigo wote, kisha inama utazame gurudumu la nyuma pale linapokanyaga ardhi. Likivimba kidogo tu pembeni, sawa. Likitanuka, ongeza upepo au punguza bidoni.

Pili ni utepe wa rimu, ule unaofunika vichwa vya spoku. Ukikatika, spoku zinautoboa mpira kutoka ndani. Utepe mpya hauhitaji fedha: kata ukanda wa mpira wa zamani, uuzungushe juu ya vichwa hivyo vyote, utoboe tundu la valvu.

Tatu ni mawese yenyewe. Mafuta hulainisha mpira na kuuvimbisha. Bidoni yenye kifuniko kibovu ikidondosha juu ya tairi safari nzima, tairi linaanza kuoza likiwa bado na meno. Funga kifuniko kwa kipande cha nailoni, na ukifika mtoni osha tairi kwa sabuni.

Soma tundu kabla ya kuliziba

Vijana wengi wakiona pancha wanakimbilia gundi. Wanaziba, wanajaza, wanaondoka, na kilomita mbili mbele tairi limelala tena. Aliyetoboa bado yumo ndani.

Kwa hiyo ukivua tairi usiuzungushe mpira wa ndani ovyo. Kumbuka valvu ilikaa wapi, ili tundu la mpira likuonyeshe mahali pa kutafuta kwenye tairi. Tundu moja upande wa nje ni mwiba, msumari wa daraja la magogo, au kijiwe cheupe chenye makali. Miba ya makuti ya michikichi ni mibaya zaidi, kwa sababu hukatika ikabaki ndani ya tairi bila kuonekana. Pitisha kitambaa polepole ndani ya tairi lote: kitanasa pale penye mwiba. Matundu mawili yaliyokaa sambamba ni kubanwa na jiwe, maana yake upepo ulikuwa mdogo. Tundu upande wa ndani ni spoku. Tundu kwenye pembe ya kiraka cha zamani ni kazi ya haraka ya jana.

Na kabla ya kuvua chochote, pima valvu. Valvu za baiskeli zetu nyingi zina kipira chembamba ndani yake, nacho hukauka na kupasuka. Paka mate juu ya valvu: yakitoa povu, badilisha kipira hicho, kazi imekwisha.

Kuziba kwa subira

Tairi livuliwe kwa mipini miwili ya vijiko, si kwa bisibisi, kwa sababu bisibisi huongeza tundu jingine. Anza upande ulio mkabala na valvu. Jaza mpira upepo kidogo, uzamishe kwenye beseni au kijito, utazame mapovu. Weka alama kwa bik, ukaushe kabisa.

Kwangua eneo kubwa kuliko kiraka kwa msasa, au kwa kipande cha kopo la sadini kilichotobolewa kwa msumari. Usipashike tena kwa vidole, jasho na mafuta vinaharibu. Paka gundi nyembamba, kisha ngoja hadi isinate kidoleni ukiigusa pembeni. Hapa ndipo subira inapokosekana. Gundi mbichi haishiki. Kata kiraka cha mviringo, kwa sababu pembe huinuka. Kibandike, ukigongegonge juu ya jiwe laini kuanzia katikati kwenda nje.

Gundi ikikuishia porini, bado safari haijafa. Kunja mpira pale penye tundu, ufunge kwa nguvu kwa ukanda wa mpira. Gurudumu litarukaruka, lakini litafika. Tairi likichanika, weka kipande cha tairi kuukuu ndani yake kuziba mwanya. Na ikishindikana kabisa, jaza majani makavu ndani ya tairi hadi likaze, punguza mzigo, usukume polepole hadi kijiji kinachofuata.

Nchi nyingine, wapanda baiskeli za milimani wameacha kabisa mpira wa ndani. Wanatia ndani ya tairi majimaji ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa utomvu wa mpira, na tundu likitokea yanaganda na kuliziba yenyewe. Kwetu vifaa hivyo havijafika kwenye maduka, lakini utomvu huo tunaujua kwa uchungu. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo huko Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo, na dunia nzima ikataka mpira. Hapa Kongo, utawala wa mfalme Leopold II uliwalazimisha watu kuukusanya kutoka mitambaazi ya msituni, kwa viboko, kwa risasi na kwa kukatwa mikono, hadi mwaka 1908 alipopokonywa nchi. Babu zetu waliulipia mpira kabla sisi hatujaupanda. Ndiyo sababu siwezi kuutazama ukiharibiwa kwa uzembe nikanyamaza.

Basi, ndugu msafiri, usitoke Kasongo wala Kabambare bila pampu, gundi, viraka, msasa, kipira cha valvu cha akiba na ukanda mrefu wa mpira wa zamani. Msafara uende na pampu mbili, na mwenye pancha asiachwe peke yake. Zaidi ya yote, kagua magurudumu jioni, si alfajiri ya safari. Jaza upepo, ulale. Tairi linalovuja polepole litakuwa limelegea asubuhi, na utaliziba ukiwa bado nyumbani, karibu na maji, mwanga na watu wa kukusaidia.