CHINA NI MOJA: MAANA YA MANENO HAYO

Mara nyingi redioni tunasikia habari za kiongozi wa Afrika aliyekwenda Beijing, mji mkuu wa China. Habari hizo hutaja mikopo, barabara, hospitali na nafasi za masomo. Halafu mwishoni yanasomwa maneno machache: nchi yake inatambua China moja tu. Watu wengi huyaacha maneno hayo yapite. Huona ni adabu ya wakubwa, kama salamu. Sisi tunaona hayo ndiyo maneno mazito kuliko yote katika habari ile. Ukiyaelewa, umeelewa sehemu kubwa ya siasa ya China kwa nchi za nje.

Basi tuanze na swali. Kwani kuna China ngapi?

Mpaka mwaka 1949 China ilikuwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe. Upande mmoja ulikuwa chama cha Kuomintang, kiongozi wake Chiang Kai-shek. Huyo ndiye aliyekuwa na serikali. Upande wa pili ulikuwa Chama cha Kikomunisti, kiongozi wake Mao Zedong. Wakomunisti walishinda. Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao alitangaza mjini Beijing kwamba Jamhuri ya Watu wa China imezaliwa. Chiang Kai-shek na watu wake walivuka bahari, wakakimbilia Taiwan.

Taiwan ni kisiwa. Mkoa wetu wa Tabora peke yake ni mkubwa mara mbili ya kisiwa hicho. Lakini Chiang hakukubali kuwa mtawala wa kisiwa tu. Alisema serikali yake bado ni serikali ya China nzima. Mao naye alisema Taiwan ni sehemu ya China, na China inatawaliwa kutoka Beijing. Kila mmoja alisema China ni moja. Ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenyewe.

Fikiri ndugu wawili waliogombania mji wa baba yao. Mmoja amemfukuza mwenzake, na sasa yeye ndiye anayelima mashamba yote. Aliyefukuzwa amejenga ng'ambo ya mto. Lakini kila baraza la ukoo likikutana, anayekaa kwenye kiti cha mji ule ni yule wa ng'ambo! Ndivyo ilivyokuwa. Baraza la ukoo hapa ni Umoja wa Mataifa.

Na kiti chenyewe hakikuwa kiti cha kawaida. Ndani ya Umoja wa Mataifa kuna Baraza la Usalama, ambalo kazi yake ni mambo ya vita na amani. Nchi tano zina viti vya kudumu humo: Marekani, Uingereza, Ufaransa, Urusi (zamani ikiitwa Muungano wa Kisovieti) na China. Kila moja ya hizo tano inaweza kuzuia uamuzi kwa kura yake moja. Kura hiyo huitwa kura ya turufu. Kwa miaka 22 kiti cha China kilishikwa na serikali ya Taiwan. Mamia ya mamilioni ya watu wa China bara hawakuwa na msemaji pale.

Mbona iliwezekana? Kwa sababu Marekani iliwapinga Wakomunisti na kumsaidia Chiang. Mwaka 1961 Marekani na wenzake walipitisha kwamba jambo la kiti cha China ni jambo kubwa, kwa hiyo linahitaji theluthi mbili za kura. Sasa tufanye hesabu kidogo. Mwaka 1970 nchi 51 zilitaka Beijing ipewe kiti, na nchi 49 zilikataa. Kwa hesabu ya mkutano wa kijiji, mwenye 51 ameshinda. Lakini theluthi mbili ya kura 100 ni 67. Beijing ikakosa tena.

Ndiyo maana China ilihitaji marafiki, tena wengi. Katika Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa nchi kubwa ina kura moja na nchi ndogo ina kura moja. Mwaka 1960 peke yake nchi 16 za Afrika ziliingia katika Umoja huo. Viongozi wa Beijing waliona jambo hilo mapema. Waziri Mkuu wao, Zhou Enlai, alikwenda Bandung, Indonesia, mwaka 1955, ambako nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana. Kuanzia Desemba 1963 mpaka Februari 1964 alitembelea nchi kumi za Afrika. Mwezi wa Juni 1965 akafika Dar es Salaam.

Zhou alikuja na mafundisho yaliyoitwa Kanuni Tano za Kuishi kwa Amani. Ziliandikwa mwaka 1954 katika mapatano ya China na India. Zinasema nchi ziheshimiane mipaka na utawala, zisishambuliane, zisiingiliane mambo ya ndani, ziwe sawa na zifaidiane, tena ziishi pamoja kwa amani. Kwa nchi zilizokuwa zimetoka mikononi mwa wakoloni, maneno hayo yalikuwa matamu. Lakini mwaka 1962 China na India hizo hizo zilipigana vita juu ya mpaka milimani. Na mwaka 1979 majeshi ya China yaliingia Vietnam. Kwa hiyo kanuni ni nzuri, ila mpaka ukigombaniwa, hata aliyeandika kanuni huzisahau.

Angalia pia ile kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani. Kwa China, Taiwan ni jambo la ndani. Nchi inayofungua ubalozi kule, kwa macho ya Beijing, imeingia chumbani mwa mwenye nyumba.

Sasa tuje kwenye reli. Mwezi wa Novemba 1965 Walowezi wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao wenyewe na kuwaweka Waafrika pembeni. Shaba ya Zambia ilikuwa ikipita huko kwenda baharini. Zambia ilihitaji njia nyingine, nayo ni ya Dar es Salaam. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilisema reli hiyo haitalipa. China ilikubali. Mapatano yalitiwa sahihi Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Ina kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi. Sehemu ya Mlimba mpaka Makambako ilikuwa ngumu kuliko zote, milima na mabonde matupu. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika kazi ile, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto.

Mkopo ulikuwa yuan milioni 988. Yuan ni fedha ya China. Mkopo haukuwa na riba, yaani unarudisha kile ulichokopa bila nyongeza, tena kwa miaka 30. Na je, fedha ya kulipia gharama za hapa nchini ilitoka wapi? China ilileta bidhaa zake, zikauzwa madukani Tanzania na Zambia, na fedha iliyopatikana ikaingia katika ujenzi. Basi mzee aliyenunua bidhaa ya Kichina dukani miaka ile, naye alichangia reli bila kujua.

China ilisema misaada yake haina masharti. Hapa tusidanganyane. Sharti moja lilikuwapo siku zote, nalo ni lile la redioni. Ila lazima tuseme pia kwamba Tanganyika iliitambua Beijing tangu mwaka 1961, miaka mingi kabla ya mkopo wa reli. Anayesema kura yetu ilinunuliwa kwa mataruma amekosea tarehe.

Kura yenyewe ilipigwa usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971, New York. Tanzania na Zambia zilikuwa miongoni mwa nchi 23 zilizopeleka hoja. Kwanza Marekani ilijaribu tena kudai theluthi mbili, ikashindwa kwa kura 59 dhidi ya 55. Halafu hoja ikapita kwa kura 76, waliokataa 35, na 17 hawakupiga upande wowote. Wajumbe wa Taiwan walikuwa wametoka ukumbini. Wajumbe wa Tanzania, wakiongozwa na Balozi Salim Ahmed Salim, walishangilia waziwazi, na Wamarekani wengi walikasirika. Lakini Februari 1972 Rais Nixon wa Marekani alikwenda mwenyewe Beijing kumwona Mao, na tarehe 1 Januari 1979 Marekani ikaitambua Beijing. Waliokasirishwa na ngoma wakaicheza wenyewe.

Taiwan nayo haikulala. Tangu mwaka 1961 ilipeleka Afrika mabwana shamba wake kufundisha kilimo cha mpunga. Nchi nyingine zilijifunza kucheza na pande zote mbili. Senegal ilikwenda Taiwan mwaka 1996, ikarudi Beijing mwaka 2005. Jirani zetu wa Malawi walikuwa na Taiwan kwa zaidi ya miaka 40, wakahamia Beijing mwishoni mwa mwaka 2007. Jengo la Bunge mjini Lilongwe lilianzwa kwa fedha za Taiwan, likamalizwa na China.

Wenyeji wa Taiwan ni kama milioni 23. Tangu mwaka 1996 wanamchagua rais wao kwa kura ya wananchi. China bara haijawahi kukitawala kisiwa hicho tangu 1949, lakini haijakataa kutumia nguvu kukichukua. Katika mashindano haya ya balozi, watu hao wenyewe huulizwa mara chache sana.

China ya leo si ile ya reli. Mikopo mingi sasa ina riba na hutoka katika mabenki. Zambia ilishindwa kulipa madeni yake ya nje mwaka 2020. Mwaka 2023 ilipokubaliana na serikali zinazoidai, juu ya deni la dola bilioni 6.3 hivi, mdai mkubwa kuliko wote alikuwa China. Urafiki haukufuta deni, uliongeza muda wa kulipa.

Lakini sharti la kwanza halijabadilika. Barani Afrika imebaki nchi moja tu yenye ubalozi na Taiwan, nayo ni Eswatini, tangu ilipopata uhuru mwaka 1968. Mwezi wa Juni 2025 China ilitangaza kwamba iko tayari kuondoa ushuru kwa bidhaa za nchi za Afrika zenye uhusiano nayo. Afrika ina nchi 54 katika Umoja wa Mataifa. Zilizotajwa ni 53.