Nauli tu ndiyo iliyomng'oa Dada Fildi!

Msomaji wangu, umewahi kukaa wiki tano nzima ukimwangalia mtu anajifunza kufunga kifungo kimoja cha shati? Mimi nimekaa. Na nakwambia, si mchezo.

Mdogo wangu ni mtoto mwenye ulemavu wa akili. Mtaani kwetu watu hawana muda wa kuchambua, wote wanawaita "wa mtindio" basi. Anacheka sana, anapenda muziki kuliko mimi, lakini mpaka mwaka 2024, akiwa na miaka 11, mama alikuwa bado anamvalisha kila asubuhi. Mchana anashinda kituo kimoja cha kutwa huko Temeke. Jina la kituo naliweka kapuni, wenyewe hawana kosa.

Mwaka huo pale kituoni akaja binti mmoja wa chuo, diploma ya ustawi wa jamii, mafunzo kwa vitendo wiki nane. Wanachuo wenyewe wanaita fildi. Watoto nao wakambatiza papo hapo: Dada Fildi.

Sisi nyumbani tulikuwa tunamwambia mdogo wangu, "Haya, funga." Anahangaika, anashindwa, analia, mama anamalizia. Dada Fildi akageuza mambo. Kifungo anakiingiza yeye tunduni mpaka nusu, mtoto anavuta ile nusu iliyobaki tu. Akivuta, makofi! Akishaizoea, anaachiwa kazi kubwa zaidi kidogo. Kwa hiyo kila siku mtoto anamaliza yeye, na anamaliza kwa ushindi.

"Kaka, darasani hii tulifundishwa kipindi kimoja," aliniambia siku moja nilipokwenda kumchukua mdogo wangu. "Kuijua nimeijulia hapa."

Na siyo vifungo tu. Alijifunza kumlisha taratibu, akiwa ameketi wima, mtoto ambaye mwili wake haukazi, asije akapaliwa. Alijifunza kumpangia picha za ratiba mtoto mwenye usonji, ili ajue baada ya uji kinafuata nini asipagawe. Alijifunza kusubiri. Hilo la kusubiri, jamani, hakuna kitabu kinachoweza kukupa.

Wiki ya tano ikaisha. Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Mdogo wangu alisimama getini na shati limefungwa vifungo viwili, vingine kaviacha wazi makusudi. Alikuwa anamsubiri mwenzake wa makofi. Mama aliponisimulia nilijifanya naangalia simu.

KUMBE YUKO KARIAKOO

Miezi kadhaa baadaye nikakutana naye Kariakoo, ndani ya kibanda cha wakala wa pesa za simu. Nikamwuliza, dada vipi, ulitukimbia? Akacheka kidogo, akasema, "Kaka, nauli."

Nami kwa ujinga wangu nikamjibu: "Nauli tu?"

Hakukasirika. Akachukua kipande cha karatasi akanipigia hesabu. Alikuwa anaishi Gongo la Mboto. Daladala mbili kwenda, mbili kurudi: shilingi 2,600 kwa siku. Wiki nane ni siku 40 za kazi, hiyo ni 104,000. Weka na chakula cha mchana cha 1,500, sahani ya kimasikini kabisa, unapata 60,000 nyingine. Jumla 164,000. Baba yake hana kazi, na kibarua chake cha jioni alishakiacha ili awahi kituoni asubuhi. Wiki ya sita mfuko ukakauka. Fildi haikukamilika, na bila fildi hakuna diploma. Alitakiwa airudie mwaka uliofuata.

Mimi nikakumbuka Jumamosi zangu. Ukumbi wa mpira, soda, chipsi mayai, naondoka nimeteketeza nauli yake ya siku mbili tatu bila hata kusikia uchungu. Aibu niliyoisikia mbele ya kile kibanda, wee acha tu.

BUMU NI MKOPO

Najua utaniuliza: si kuna Bodi ya Mikopo? Ipo, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na mwanafunzi wa chuo kikuu anayepata bumu huwa anapewa na fungu la mafunzo kwa vitendo. Diploma walianza kufikiriwa mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani chache zilizochaguliwa. Dada Fildi hakuwamo.

Halafu bumu ni mkopo, ndugu yangu. Ukipata ajira unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Sasa kijana anayechagua kuwalisha na kuwafundisha watoto ambao wengi tunawapita barabarani tukiwakodolea macho, kweli naye tumkope nauli? Hapo ndipo nasema inahitajika ruzuku. Siyo kubwa. Ya wiki zile za fildi tu, nauli na sahani, ilipwe kidogo kidogo kila msimamizi wa kituo anaposaini kwamba mwanafunzi amefika kazini. Asiyefika hapati. Hairudishwi.

Siyo ndoto za mchana. Australia wameanza Julai 1, 2025: wanafunzi wa ualimu, uuguzi, ukunga na ustawi wa jamii wenye kipato kidogo wanalipwa zaidi ya dola 300 za kule kwa kila wiki ya mafunzo kazini. Na bado wenzetu hao walilalamikiwa, kwa sababu wanaosomea tiba ya viungo na wale wa kuwasaidia watoto kujifunza kusema waliachwa nje. Tajiri naye anasahau wa kwetu!

Hapa kwetu Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Imejaa maneno mazuri kuhusu elimu, afya na haki. Lakini sheria haimfungi mtoto kifungo. Anayefunga ni mtu, na mtu huyo anapanda daladala.

Wakubwa wakisema hela hakuna, nawakumbusha kwamba halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Sisemi tuzichote hizo, zina kazi yake. Nasema tu kwamba kutenga tunajua, tukitaka.

WAZAZI WAKAJIONGEZA

Habari ya Dada Fildi niliifikisha nyumbani, na mama akaipeleka kwenye kikao cha wazazi pale kituoni. Wazazi 13, wengi wao mama lishe na wauza genge. Wakakubaliana: kila mmoja shilingi 1,000 kwa wiki, akija mwanafunzi mwingine. Piga hesabu mwenyewe: 13,000, ndiyo nauli ya siku tano, kamili. Mwaka 2025 akaja kijana wa kiume, akamaliza wiki zake nane zote. Siku ya mwisho watoto walimng'ang'ania shati mpaka likachanika.

Nilifurahi, sikatai. Lakini pia niliumia. Muuza genge mwenye mtoto asiyeweza kutembea ndiye anayemsomesha mtaalamu wa taifa?

Wewe unayesubiri matokeo na kazi hii inakuvuta, usiogope. Kuna Patandi kule Tengeru kwa ualimu wa elimu maalumu, kuna Taasisi ya Ustawi wa Jamii hapa Kijitonyama, kuna KCMC Moshi kwa wanaotaka kusomea kuwarudisha wagonjwa na walemavu kwenye shughuli zao za kila siku. Ila kabla hujajaza fomu uliza swali moja ambalo Dada Fildi hakuliuliza: wiki za fildi nitakula nini na nitafikaje?

Naye nilimpigia juzi. Fildi ameirudia, kituo kingine, karibu na kwao, anakwenda kwa miguu. Nikampa mdogo wangu simu wasalimiane. Hakuongea kitu, alikuwa anampigia makofi tu.

Shati lake siku hizi anafunga mwenyewe. Kifungo cha juu kabisa bado kinamsumbua.