Mwanya uliojificha miaka 17

Ukifungua akaunti ya benki kwenye intaneti, simu yako na kompyuta ya benki hutambuana kwanza kwa ujumbe wa siri. Nani huhakikisha utaratibu huo hauna mwanya? Tueleze kwa kisa kimoja.

Mwaka 1978 Roger Needham na Michael Schroeder walitangaza utaratibu wa namna hiyo, ukaaminika. Mwaka 1995 Gavin Lowe, mtafiti wa Oxford, akaonesha kasoro: ukianza mazungumzo na tapeli, anaweza kuutumia ujumbe wako kwa mtu wa tatu na kujifanya wewe. Mwaka uliofuata alionesha kuwa programu iitwayo FDR inaugundua mwanya huo. Haikisii, hupitia kila njia ya tapeli katika mfano iliopewa. Dawa ilikuwa ndogo: anayejibu ataje jina lake ndani ya jibu.

Ndiyo maana TLS 1.3, unaolinda tovuti nyingi leo, ulipimwa kwa programu kama Tamarin na ProVerif kabla ya kutangazwa rasmi mwaka 2018.

Lakini tukumbuke, programu huhakiki ilichoelezwa tu. Ukimtajia tapeli namba yako ya siri, hakuna hesabu itakayokuokoa.