Povu Halina Kosa

Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi alinipigia simu saa moja kasoro robo asubuhi, kabla sijatoka nyumbani. Mwanafunzi wake wa darasa la nne alikuwa ameanguka kifafa jana yake, wakati wa uji. "Dokta, samahani kwa usumbufu. Kikombe alichokuwa anatumia tumekitenga. Sasa tumnunulie chake, au tuwaambie wazazi awe anakuja nacho? Maana povu lilimtoka, na wenzake walikuwa karibu." Nikamwambia hakuna haja ya kikombe cha peke yake, kwa sababu kifafa hakiambukizi. Akanyamaza kidogo. "Sawa Dokta, nimekuelewa. Lakini si bora tumtengee tu, ili tuwe na uhakika?"

Siku mbili baadaye mama wa yule mwanafunzi alimleta kliniki, na kikombe nikakiona kwenye mfuko wa mtoto: cha bati, mpini umefungwa uzi mwekundu. Shule nzima ilikuwa imeshajua maana ya ule uzi.

Swali la povu nimeulizwa na wachungaji, na mashehe, na makonda wa daladala, na mwaka jana na kijana anayesomea uuguzi. Mara ni kikombe, mara ni shuka, mara ni choo cha kuchangia, mara mtu kakanyaga mahali mgonjwa alipojikojolea na halali usiku kucha. Uvumilivu wangu umekwisha, kwa hiyo leo nalijibu kwa maandishi, na atakayeuliza tena nitampa gazeti asome. Kifafa hakiambukizwi kwa povu. Hakiambukizwi kwa mate, mkojo, jasho, damu, pumzi wala ushuzi. Hakiambukizwi kwa kulala kitanda kimoja. Hakiambukizwi kwa namna yoyote ile kutoka kwa aliyeanguka kwenda kwa aliyemshika.

Povu lenyewe ni nini? Mtu anapoanguka, misuli yake yote inakaza, taya zikiwemo. Hawezi kumeza, na mate yanajaa mdomoni kama kawaida. Pumzi anayoivuta na kuisukuma kati ya meno yaliyofumbwa inayapiga yale mate mpaka yanaumuka. Akiwa ameuma ulimi, yanatoka na damu. Basi. Ni mate yale yale aliyoyatema asubuhi alipokuwa anapiga mswaki, na wewe hukukimbia. Hakuna kilichoongezeka ndani yake. Ugonjwa wenyewe uko juu zaidi, kwenye ubongo, ambako chembe zinazowasiliana kwa umeme mdogo zinalipuka kundi zima kwa wakati mmoja badala ya kupokezana. Tangu Hans Berger, daktari wa Jena huko Ujerumani, achapishe mwaka 1929 michoro ya kwanza ya umeme wa ubongo wa binadamu, jambo hili tunalitazama kwa macho: tunabandika nyaya kichwani, na mistari iliyokuwa inatembea kwa utulivu inaruka kama mabati kwenye upepo. Umeme huo haushuki kwenye mate.

Kuna ugonjwa unaopita kwenye mate, tena unaoua. Kichaa cha mbwa ni huo. Lakini kichaa cha mbwa kina kirusi, na kirusi hicho kimeonekana, kimepimwa, kina chanjo. Anayesema povu la kifafa linaambukiza anapaswa kutuonyesha kinachosafiri ndani yake. Sisi tunaofanya kazi hii tumepakwa povu hilo usoni na mikononi, wengine kwa miaka 30, tukiwa na michubuko na bila glavu. Mama anayemlea mtoto wa kifafa anampangusa mdomo kwa upande wa khanga yake mara mia moja, mara mia mbili, kisha anajifunga khanga ile ile. Kama povu lingekuwa linaambukiza, akina mama hao ndio wangekuwa wa kwanza kuanguka. Nenda kliniki yoyote ya kifafa siku ya kliniki uwaangalie. Wamekaa kwenye benchi, wazima, wameshika kadi za watoto wao.

Sipigani na imani hii kwa sababu ya elimu tu. Inaunguza watu.

Nilimtibu mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyekuwa anasonga ugali kwenye mafiga matatu, uani kwao. Alianguka mbele, mkono wa kulia ukaingia kwenye makaa. Watu wazima watatu walikuwepo, hatua tano au sita tu kutoka pale. Shemeji yake, aliyemleta hospitali, alinieleza bila kuficha, macho yakiwa chini: "Tulisubiri povu liishe, Dokta." Kuanguka kwenyewe kulichukua dakika mbili, labda tatu. Kwenye moto wa kuni, dakika mbili zinafika kwenye mfupa. Leo vidole viwili vya mkono ule vimeungana na kiganja, na mwiko anaushika kwa mkono wa kushoto. Shemeji yule hakuwa mtu katili. Aliamini kwamba akimgusa, keshokutwa yeye na wanawe wataanguka vile vile. Asingekuwa na imani hiyo, mkono ule ungekuwa mzima.

Sasa nije kwa wale wanaonibishia kwa hoja, na hao nawaheshimu. Wanasema: "Dokta, kwetu wameanguka ndugu watatu wa tumbo moja. Kwa jirani wawili. Ng'ambo ya mto mwingine. Halafu unasema hakiambukizi?" Hapa hasira yangu inakwisha, kwa sababu mtu huyu ameona kweli. Hesabu yake haina kosa. Kosa lake ni kumshtaki mgonjwa, wakati mshtakiwa yuko mtoni.

Mahenge, katika wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro, ndipo mahali pa kulitazama jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari kutoka Norwei, Louise Jilek-Aall, alianzisha huko kliniki ya kifafa baada ya kukuta wagonjwa wengi kuliko alivyotarajia, wengi wao wakiwa na makovu ya moto kwa sababu ile ile niliyoieleza. Mwaka 1965 aliandika kuhusu kifafa miongoni mwa Wapogoro wa huko. Alieleza pia watoto ambao kichwa kinaanguka mbele, kinainuka, kinaanguka tena, kama mtu anayepambana na usingizi ibadani. Wenyeji walikuwa na jina lake tayari: kusinzia kichwa. Miongo kadhaa baadaye watoto wa namna hiyo walionekana kwa wingi Sudan Kusini, kisha kaskazini mwa Uganda, katika wilaya kama Kitgum na Pader. Mara nyingi kichwa kinaanza kuanguka mtoto anapopewa chakula. Mama anasogeza sahani, na kidevu kinashuka kifuani. Wengi wao hudumaa, na baadaye huanguka kifafa kamili.

Mahenge, Kitgum na Maridi ya Sudan Kusini zina jambo moja linalofanana: mito yenye maji ya kasi, na nzi mdogo mweusi anayezaliana humo. Ni usubi. Nzi huyo akikuuma anaacha mabuu ya minyoo midogo, na minyoo hiyo ikizaana mwilini inaleta upele na mwasho usiokwisha, kisha upofu. Hayo yanajulikana siku nyingi. Jipya, ambalo limethibitishwa katika miaka ya karibuni, ni kwamba minyoo hiyo hiyo inaleta kifafa. Katika bonde la Mbam nchini Kamerun, watoto walipimwa wingi wa minyoo kwenye ngozi kati ya mwaka 1991 na 1993. Zaidi ya miaka 20 baadaye watafiti walirudi kuwatafuta, wengine wakiwa na watoto wao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: kadiri mtoto alivyokuwa na minyoo mingi utotoni, ndivyo uwezekano wake wa kupata kifafa ulivyopanda, na kwa waliojaa minyoo ulipanda mara nyingi sana. Namna minyoo inavyouchokoza ubongo bado inabishaniwa maabara, lakini ngazi ile ya minyoo na kifafa inapanda hatua kwa hatua, na haina jingine la kuielezea.

Kwa hiyo ndugu watatu wa tumbo moja hawakuambukizana. Waliogelea mto mmoja, walichota maji pamoja, walilima shamba moja la kando ya mto, na waliumwa na usubi ule ule. Mtoto wa jirani aliyecheza nao mtoni hakupata povu lao. Aliumwa na nzi wao.

Tazameni ilivyokuwa Maridi. Watu walifuatilia usubi mpaka wakakuta unazaliana kwenye njia ya kumwagia maji ya bwawa lao, ambako majani na mizizi inayoning'inia kwenye maji ya kasi ndiyo mahali viluwiluwi vya nzi hujishikiza. Kuanzia mwaka 2019 vijana wa pale walishuka na mapanga, wakayafyeka majani yale na kuyatoa majini, wakarudia yalipoota tena. Nzi wakapungua, dawa ya usubi ikaendelea kugawiwa, na wagonjwa wapya wa kifafa wakapungua. Kaskazini mwa Uganda nako, usubi ulipodhibitiwa mitoni na dawa ikatolewa mara mbili kwa mwaka, watoto wapya wa kusinzia kichwa waliacha kuonekana. Jaribuni kuufikiria ugonjwa wa povu unaokoma kwa kufyeka majani ya bwawani!

Kwa hiyo, wakazi wa vijiji vya usubi, mgawaji wa dawa wa kijiji akija na fimbo yake ya kupimia urefu, simameni mpimwe na mmeze vidonge mbele yake. Msiviweke mfukoni. Watoto walio chini ya sentimita 90, wajawazito, wanaonyonyesha mtoto ambaye hajatimiza wiki moja na wagonjwa mahututi wanasubiri, wengine wote hakuna sababu ya kukwepa.

Usubi hauko kila mahali. Kwenye maeneo ya wafuga nguruwe, kama Mbulu, mhusika mkubwa ni tegu wa nguruwe. Hapo pia watu wanakosea: nyama ya nguruwe isiyoiva inakupa mnyoo wa tumboni, lakini uvimbe wa ubongoni unatokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu, kupitia maji, mboga au mikono. Asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuupata. Choo na sabuni ndiyo kinga. Kwingine ni malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa, ajali ya bodaboda bila kofia. Mengine ni ya ukoo kweli, na ukoo nao si povu.

Sasa ya kufanya, haraka haraka. Mtu akianguka mbele yako, mshike. Mwondoe kwenye moto, maji, kisu, barabara. Tazama saa. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola, mgeuze ubavu ili povu litoke nje lisimkabe. Usimkandamize. Usimtie kijiko, mwiko, kitambaa wala kidole mdomoni: hawezi kumeza ulimi wake, lakini meno yanaweza kuvunjika, nimeyatoa vipande vipande. Viatu vya kunusisha, kitunguu na moshi wa kiberiti havifanyi kitu. Mshtuko unakwisha kwa saa yake, nanyi mnadhani ni kiatu. Ukipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, au ni mjamzito, au ameumia, au ni mara yake ya kwanza, hospitali mara moja. Mwenye simu arekodi video, maana sisi madaktari ni nadra kumwona mgonjwa akianguka, na sekunde 30 za video zinatuambia mengi kuliko maelezo ya saa nzima. Kisha kaeni naye mpaka ajue yuko wapi.

Dawa zipo. Fenobabitoni inatumika kwa kifafa tangu mwaka 1912, ni rahisi, na kwa wengi inatosha mara moja kwa siku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi. Wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba wasianzishiwe valproeti iwapo dawa nyingine inafaa, kwa sababu inamdhuru mtoto tumboni. Anayeitumia tayari asiiache mwenyewe, aje tumbadilishie. Anayetumia dawa za VVU, vidonge vya uzazi wa mpango au kijiti amwambie daktari, maana fenobabitoni na karbamazepini huzipunguzia nguvu. Nyumbani, jiko linyanyuliwe kutoka chini, na mgonjwa aoge kwa ndoo badala ya mtoni. Kuacha dawa si jambo la mgonjwa kuamua: ni baada ya miaka isiyopungua miwili bila kuanguka, na ni kwa kupunguza kidogo kidogo.

Na vidonge vihesabiwe. Jumapili jioni vimwageni mezani. Vikibaki vya siku 10, mtu aende zahanati wiki hiyo hiyo, asingoje kidonge cha mwisho, kwa sababu zahanati nazo huishiwa na huenda akarudi mara ya pili na ya tatu. Fenobabitoni ikikatika ghafla, aliyekaa mwaka mzima bila kuanguka anaanguka ndani ya siku chache, wakati mwingine mfululizo bila kuzinduka. Yule mwanamke wa mafiga alikuwa na kadi na dawa yake, na alikuwa amefikisha miezi 14 salama. Vidonge viliisha Jumatano. Aliungua Jumamosi.