Je, roki ina lugha yake? Mfano wa Loudness

Mdogo wangu hupiga gita nyumbani kwetu, kando ya barabara ya Kasenga, na nyimbo zake za roki huziandika kwa Kiingereza tu. «Kiswahili ni kirefu mno», anasema. Wajapani nao walibishana hivyo mwaka 1970: je, lugha yao inaweza kubeba roki?

Wasiwasi wao ulikuwa na msingi. Kijapani, kama Kiswahili, hupenda silabi inayoishia na vokali. Jina Loudness lina silabi 2 kwa Kiingereza. Kwa Kijapani huwa ra-u-do-ne-su, mapigo 5, yaitwayo mora. Kila mora hudai muda wake, hivyo maneno machache tu huenea katika mstari.

Hata hivyo Loudness, bendi ya roki nzito iliyoanzishwa Osaka mwaka 1981, ilianza kwa Kijapani. Mwaka 1984 albamu yake Disillusion ilitoka mara mbili: kwanza kwa Kijapani, kisha kwa Kiingereza. Kilichowavuta kwenye Kiingereza ni soko la Marekani, si sarufi. Mwaka 1985 Thunder in the East iliingia katika orodha ya Billboard.

Tena Kiswahili kina nafuu yake. «Minakupenda» yetu ya Lubumbashi ina silabi 5, lakini ni sentensi nzima: mtenda, wakati, mtendwa na kitendo. Jean-Bosco Mwenda aliimba Kiswahili kwa gita mbele ya Hugh Tracey, Jadotville (Likasi ya leo), mwaka 1952.

Mdogo wangu achague Kiingereza akitaka wasikilizaji wa mbali. Asikisingizie Kiswahili.